Hodi Kabla ya Kuingia

Katika desturi zetu mgeni hasukumi mlango wa watu. Husimama nje, hupiga hodi, hungoja. Akijibiwa "Karibu" huingia. Asipojibiwa hupiga hodi ya pili, kisha ya tatu; na kukiwa kimya baada ya hiyo ya tatu, hugeuka akaenda zake bila kinyongo. Kanuni hii ni fupi, lakini ndani yake mna sheria kubwa, nayo ni kwamba kimya cha mwenye nyumba si ruhusa. Ruhusa ni neno linalotamkwa, tena hutamkwa na mwenyewe. Katika insha hii, msomaji, nataka tuichukue kanuni hiyo tuipimie kazi moja ya mafundi wa zama hizi, kazi ambayo yamkini unaitumia kila siku bila kuifikiria.

Kazi hiyo ni kivinjari, yaani programu inayotuletea kurasa za intaneti mbele ya macho yetu, katika kompyuta au katika simu. Chrome, Firefox, Safari, Edge na Opera ni vivinjari. Tangu mwaka wa 1993, programu ya Mosaic ilipoirahisisha njia ya kurasa hizo kwa watu wa kawaida, kivinjari kimekuwa mfano wa dirisha. Mtu alisimama mbele ya dirisha akaona ya nje. Dirisha lenyewe halikuwa na neno la kusema juu ya yale aliyoyaona. Mwaka wa 2023 dirisha lilianza kusema. Mwezi wa Februari mwaka huo kampuni ya Microsoft ilimtangaza msaidizi wa akili bandia ndani ya kivinjari chake cha Edge. Opera ilifuata mwezi wa Mei kwa msaidizi aitwaye Aria, na Brave mwezi wa Novemba kwa msaidizi aitwaye Leo. Mwezi wa Septemba 2025 Google ilianza kuwafikishia watu wa Marekani msaidizi wake, Gemini, ndani ya Chrome; na mwezi uliofuata kampuni ya OpenAI ikatoa kivinjari chake yenyewe, Atlas, ambacho msaidizi ndiye nguzo ya kati ya nyumba nzima.

Akili hiyo wengine huiita akili unde, na wengine akili mnemba. Majina ni matatu, kitu ni kimoja: programu iliyofunzwa kwa maandishi mengi mno, ambayo hutunga maneno kwa kukisia neno lipi lafaa kufuata lipi. Ikiwa ndani ya kivinjari huweza kufupisha ukurasa, kujibu maswali juu yake, kutafsiri, kupanga vichupo na kutunga barua. Iliyopewa mamlaka zaidi hubofya vitufe na kujaza fomu kwa niaba ya mtu.

Sikusudii kuamua hapa kama akili hiyo ni njema au mbaya. Kisu kikali hukata nyama na hukata kidole, na hukumu yake hutegemea mkono ulioshika mpini. Ninachokihakiki ni mlango. Mgeni huyu ameingiaje? Na mwenye nyumba akisema hapana, je, hapana yake husikika?

Huenda ukanijibu kwamba jambo hili ni dogo: asiyemtaka msaidizi na amzime, basi yameisha. Jibu hilo lina sura ya busara, lakini wanaozijua tabia za watu hawalikubali. Mwaka wa 2003 wataalamu wawili, Eric Johnson na Daniel Goldstein, waliandika katika jarida la Science juu ya watu wanaokubali viungo vyao vitumiwe kuwaponya wengine baada ya wao kufa. Katika Ujerumani waliokubali walikuwa asilimia 12. Katika Austria, nchi jirani inayosema lugha ile ile ya Kijerumani, walikuwa zaidi ya asilimia 99. Je, Waaustria wana huruma mara nane kuliko jirani zao? La hasha. Ujerumani ilimtaka mtu aseme kwamba anakubali. Austria ilimhesabu kila mtu kuwa amekubali mpaka aseme kwamba anakataa. Watu wengi katika nchi zote mbili hawakusema lolote, na kimya chao kikaandikwa maana mbili zilizo kinyume. Basi yeye apangaye hali ya mwanzo, ile ambayo kitu huja nayo kabla hujakigusa, ameshika sehemu kubwa ya uamuzi wako mkononi mwake.

Wenye biashara wanaijua siri hii, na wanailipia. Katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google ilidhihirika kwamba mwaka wa 2021 peke yake kampuni hiyo ililipa dola bilioni 26.3 ili mtambo wake wa kutafutia uwe ndio wa kwanza katika simu na vivinjari vya wengine. Mtu yeyote angeweza kuubadilisha mtambo huo kwa kugusa skrini mara chache. Walakini fedha hizo zililipwa, na mwaka wa 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google ilikuwa imevunja sheria kwa kuudumisha ukiritimba wake kwa njia kama hizo. Fikiri, msomaji: kama hali ya mwanzo ingekuwa jambo dogo, nani angetoa bilioni 26 kwa ajili yake?

Tena, hata hiari iliyoahidiwa haina budi kulindwa. Mwaka wa 2009 Microsoft iliahidi mbele ya Tume ya Ulaya kwamba watumiaji wa Windows wataonyeshwa skrini ya kuchagulia kivinjari wakipendacho, badala ya kukuta kile cha kampuni kimekwisha kukaa kitini. Skrini hiyo ilianza kuonekana mwaka wa 2010. Kisha, kuanzia Mei 2011 hadi Julai 2012, haikuonekana katika kompyuta za watu zaidi ya milioni 15. Kampuni ilieleza kuwa ni kosa la ufundi. Mwaka wa 2013 Tume iliitoza faini ya euro milioni 561. Mimi naona funzo katika muda huo wa miezi kumi na minne. Mlango wa hiari ulifungwa kwa zaidi ya mwaka mzima, na mamilioni waliofungiwa hawakupiga kelele, kwa kuwa mtu hawezi kukililia chaguo asilojua kwamba alikuwa nalo.

Sasa tukitazame kivinjari kimoja kwa karibu, kwa maana uhakiki usioshika mfano hubaki maneno matupu. Nimekichagua Firefox, kinachotengenezwa na Mozilla. Toleo lake la kwanza lilitoka mwezi wa Novemba 2004, wakati Internet Explorer ya Microsoft ilipokuwa imetawala karibu kila kompyuta. Firefox kilipata jina kwa sababu ya watu waliokataa kutumia kitu kwa kuwa tu walikikuta ndani ya mashine. Kwa hiyo hiari ndiyo maziwa kilichonyonyeshwa. Mwezi wa Desemba 2025 mkuu mpya wa Mozilla, Anthony Enzor-DeMeo, alitangaza kwamba Firefox kitaendelea kukua hata kiwe kivinjari cha kisasa cha akili bandia. Katika tangazo lile lile alisema kwamba akili bandia yapasa iwe jambo la hiari, ambalo mtu anaweza kulizima kwa urahisi. Watumiaji wengi wa zamani walikasirika. Walisikia nusu ya kwanza ya maneno yake na hawakuiamini nusu ya pili.

Mozilla ilijibu kwa kitendo. Tarehe 24 Februari 2026 lilitoka toleo la 148 la Firefox, na katika mipangilio yake kwenye kompyuta mna sehemu mpya ya kuiongoza akili bandia. Humo mna swichi moja inayozuia yote kwa pamoja. Na kwa asiyetaka kuzuia yote, kila kazi ina chaguo lake: tafsiri, maelezo ya picha katika faili za PDF, upangaji wa vichupo, muhtasari wa viungo, na msaidizi wa kuzungumza naye pembeni.

Mambo matatu katika kazi hii yastahili sifa. Kwanza, swichi ni moja. Mtu hatakiwi kuzunguka katika vyumba ishirini akizima taa moja moja, na kesho akute ya ishirini na moja imewashwa. Pili, hapana iliyokwisha kusemwa inadumu. Mozilla imeahidi kwamba uamuzi wa mtumiaji utabaki pale pale hata programu ikisasishwa, na kwamba swichi hiyo itazizuia pia kazi za akili bandia zitakazoletwa baadaye. Tatu, aliyekataa haombwi tena na tena. Havijitokezi vijitangazo vya kumbembeleza ajaribu. Hili la tatu ndilo adabu yenyewe, kwani mgeni aliyekataliwa kisha akarudi kila asubuhi kupiga hodi haombi ruhusa. Anachosha ili apewe.

Walakini sifa hizo zina ila moja, na mhakiki wa haki hawezi kuificha. Swichi hiyo imewekwa ndani ya mipangilio, nayo inakungoja wewe uitafute. Usipoitafuta, hakuna kilichozuiwa. Ni kweli kwamba msaidizi wa pembeni hazungumzi mpaka umchague, na hilo ni jema. Lakini kwa jumla mpango wenyewe ni wa Kiaustria: aliyenyamaza amehesabiwa kuwa hakukataa. Mgeni amekwisha kuingia ukumbini, akaacha barua chini ya mkeka inayosema, "Usiponitaka, niambie." Ni mgeni mwenye heshima kuliko wengi wa wenzake, lakini hodi hakupiga.

Watengenezaji wana utetezi wao, nao yafaa tuusikilize. Husema: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mtu asiyeona, ambaye hapo kale picha ilikuwa kwake ukuta mtupu, leo husomewa maelezo ya picha hiyo. Mtu asiyejua Kifaransa huusoma ukurasa wa Kifaransa. Kama mambo haya yangefichwa mpaka yatafutwe, wangapi wangeyapata? Isitoshe, kivinjari kimejaa mambo ambayo hakuna aliyeulizwa: kusahihisha tahajia, kukumbuka nywila, kuonya juu ya tovuti za ulaghai. Mbona hatukuyadai hayo yapige hodi?

Utetezi huu una nguvu, nami nakubali sehemu yake. Si kila kazi ya akili bandia inahitaji hodi ya sauti moja. Tafsiri ya Firefox, mathalani, hufanyika ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Maneno ya ukurasa hayatoki nje. Huyo ni mtumishi anayefanya kazi uani na hapeleki habari kwa jirani. Lakini msaidizi anayefanya kazi katika seva za mbali hawezi kukufupishia ukurasa pasipo kupelekewa ukurasa huo. Kama ulikuwa barua ya daktari au matokeo ya mtihani wako, maneno hayo yamekwisha kutoka nyumbani. Naye msaidizi aliyepewa mamlaka ya kutenda ana hatari ya aina yake. Husoma maandishi ya ukurasa kwa jicho lile lile asomalo amri zako, na mtu mwovu huweza kuficha ndani ya ukurasa maneno ya kumwamuru. Mwezi wa Agosti 2025 watafiti wa Brave walionyesha hatari hiyo katika kivinjari cha Comet cha kampuni ya Perplexity. Msahihishaji wa tahajia hawezi kudanganywa akaenda kuifungua barua pepe yako. Basi hodi na ipigwe kwa kadiri ya chumba kinachoombwa. Anayeomba kukaa barazani na anayeomba kuingia chumba cha kulala hawapimwi kwa kipimo kimoja.

Liko jambo jingine linalokuhusu wewe mwanafunzi kuliko mtu mwingine yeyote. Muhtasari unaokuja kabla hujasoma hukuondolea kazi, na kazi hiyo ndiyo elimu yenyewe. Mwandishi alipanga hoja zake kwa utaratibu, akaweka shaka hapa na uthabiti pale. Muhtasari huyasaga yote yakawa unga wa rangi moja. Mara nyingine hukosea, tena hukosea kwa sauti ile ile ya uhakika. Aliyesoma ukurasa kwanza anaweza kuligundua kosa. Aliyeanza na muhtasari hana la kulinganisha nalo. Ukitaka muhtasari, uombe; hiyo ni hiari yako. Lakini uombe baada ya kujua unachokiacha. Ukiletewa bila kuomba, kila siku, katika kila ukurasa, utazoea. Na mazoea yakikomaa hayaulizi tena yalizaliwa kwa hiari ya nani.

Sheria ya nchi yetu haiko mbali na desturi ya hodi. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika Ibara ya 31, inamlindia kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inaeleza idhini kuwa ni ishara ya hiari, mahususi, isiyo na utata, inayotolewa na mtu aliyearifiwa, kwa tamko au kwa kitendo kilicho wazi. Inampa aliyekubali haki ya kuiondoa idhini yake wakati wowote, na kifungu cha 41 kinataka ulinzi wa data ujengwe ndani ya kazi tangu mwanzo. Sheria hiyo inahusu data za watu, haihusu kila kitufe cha kivinjari. Lakini roho yake ni ile ile tuliyoanza nayo. Kimya hakikubali kitu.

Ugumu unazidi pale ambapo mashine ni ya wengi. Katika maabara ya kompyuta ya shule, au katika saiba ya mjini, wewe si mwenye nyumba. U mpangaji wa saa moja. Aliyetangulia amekwisha kuwasha au kuzima, nawe umekuta. Hapo hiari ya mtu mmoja mmoja haitoshi, na wakuu wa mahali hapo wana wajibu wa kuwapangia watumiaji hali ya mwanzo iliyo salama, na kubandika ukutani jinsi ya kuibadilisha. Nani mwingine atapiga hodi kwa niaba yao?

Wapo waliochukua njia ya mkato. Mwezi wa Agosti 2025 kampuni ya Vivaldi ilitangaza kwamba haitawaweka wasaidizi wa namna hii katika kivinjari chake. Nauheshimu msimamo huo, kwa kuwa umesemwa wazi, na anayetaka msaidizi anaweza bado kumfuata katika tovuti yake. Lakini usiufanye kuwa ndio kilele cha hiari. Anayekufungia mlango na anayekuletea mgeni kwa nguvu wote wamekuamulia. Tofauti yao ni kwamba wa kwanza amekuambia.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Kazi ya Mozilla katika toleo la 148 ni njema, na vivinjari vingine vingefanya vyema kuiiga. Mwenye kusema hapana amepewa neno moja linalotosha, linalodumu, na lisilomletea usumbufu. Kilichobaki ni hatua ya mwisho, nayo ni fupi: siku ya kwanza mtu afunguapo kivinjari, aulizwe kwa lugha nyepesi ni wasaidizi gani awatakao, kila mmoja anafanya nini, na maneno yake yatakwenda wapi, na asiyejibu ahesabiwe kuwa hajakaribisha. Swali hilo lingechukua nusu dakika. Asiyeona angemkaribisha msomaji wa picha siku hiyo hiyo, wala asingehitaji kumtafuta. Na asiyetaka angeendelea na safari yake. Hapo utetezi wa watengenezaji ungetimizwa, na haki ya mwenye nyumba isingepungua.

Wewe, msomaji, usingoje hatua hiyo. Fungua mipangilio ya kivinjari unachokitumia, uisome kama usomavyo mkataba. Uliza mambo manne: nini kimewashwa, nani alikiwasha, maneno yangu yanakwenda wapi, na nikizima leo, kesho nitakuta kimezimwa? Kisha amua. Huenda ukaamua kumkaribisha msaidizi, na huenda atakufaa; sitakulaumu. Huenda ukamkataa, na hapo pia hutakuwa mjinga wala mtu wa kale. Wahenga walisema kwamba hiari yashinda utumwa, na hawakusema hiari ya kukubali peke yake. Asiyeweza kusema hapana, karibu yake haina thamani.